Barua ya Wazi kwa Mafundi na Wenye Gereji: Plagi za Zamani Turudishieni

Ndugu zangu mafundi na wenye gereji wa Dar es Salaam,



YAH: PLAGI MNAZOTUFUNGIA NA BEI MNAZOTUTOZA

Nawaandikia ninyi mnaofungua boneti za magari yetu Ilala, Gerezani, Tabata, Mwenge na Mbagala, wenye gereji zilizozungushiwa ukuta na mnaofanyia kazi chini ya mwembe. Nina ombi moja, nalo halihitaji mtaji wala mashine mpya. Kila mnapobadilisha plagi, mwandikieni mteja kwenye risiti namba kamili ya plagi mliyofunga, bei ya plagi peke yake na bei ya ufundi peke yake. Kisha mkabidhini zile za zamani kabla hajawasha gari.

Nimechagua plagi kwa makusudi. Breki ikiisha, mteja anaisikia mguuni. Tairi likiisha, analiona. Plagi imezama ndani ya silinda hedi, chini ya koili, na wenye magari wengi huuza gari bila kuwahi kuiona hata moja. Kwa hiyo mteja anabaki na neno lenu tu. Namna gereji inavyoshughulikia kitu ambacho mteja hawezi kukikagua ndiyo inayoonyesha gereji hiyo ni ya aina gani.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayopuuzwa kwanza. Chukueni plagi ya Denso iliyoandikwa K16R-U11. Mnaijua, imepita mikononi mwenu kwenye IST, Vitz na Probox zenye injini ya 1NZ. Herufi ya K inataja umbo: uzi wa milimita 14 wenye urefu wa milimita 19, na mahali pa spana ya 16. Ile 16 inayofuata ni kiwango cha joto. R inasema ndani kuna rezista inayozuia kelele za umeme zisivuruge redio na kompyuta ya gari. U ni mfereji uliochongwa kwenye ncha ya pembeni. Na 11 ni nafasi kati ya ncha mbili, milimita 1.1. NGK wanaandika kwa mpangilio wao: BKR5EYA-11, ambapo 5 ndiyo joto na 11 ni nafasi ile ile. Hakuna hata herufi moja iliyowekwa kama pambo.

Kiwango cha joto ndicho kinachowachanganya watu wengi, na nimesikia zaidi ya fundi mmoja akisema plagi ni plagi ilimradi uzi umeingia. Kinachopimwa hapo ni uwezo wa plagi kuondoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye silinda hedi. Ncha inatakiwa ikae kwenye nyuzi kati ya 500 na 850 hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanajikusanya mpaka cheche inakosa njia. Ikipanda sana, ncha yenyewe inawasha mafuta kabla cheche haijapigwa, na injini ikiendeshwa hivyo pistoni inaweza kutoboka. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. 16 ya Denso inalingana na 5 ya NGK, na 20 inalingana na 6. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Fundi anayebadilisha kampuni ya plagi bila kujua hilo anaweza kuielekeza injini upande wa hatari huku akiamini ameiboresha.

Urefu wa uzi nao ni hivyo hivyo. Plagi fupi ikifungwa mahali pa ndefu, uzi uliobaki wazi ndani unajaa masizi, na siku ya kufunga ile sahihi haiingii. Plagi ndefu mahali pa fupi, ncha inaweza kugongwa na pistoni. Magari yetu mengi yametoka Japani na vitabu vyake ni vya Kijapani, hilo najua. Lakini kibati cha chesisi namba kipo, jina la injini lipo, na kampuni za plagi zina orodha zinazoonyesha kila injini na plagi yake. Kutazama orodha hiyo kwenye simu ni kazi ya dakika chache.

Sasa nije kwenye neno linalotugharimu kuliko yote: iridiamu. Ni madini magumu yanayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400, wakati nikeli ya plagi za kawaida inayeyuka kwenye 1,455. Kwa ugumu huo, ncha ya katikati inaweza kuchongwa nyembamba kama sindano, chini ya milimita moja, na isilike upesi. Ncha ya nikeli ni nene, karibu milimita 2.5. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho matupu, haihitaji kipimo. Plagi ya nikeli kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 20,000 hivi. Ya iridiamu iliyotengenezwa kudumu inafika kilomita 100,000, isipokuwa kwenye vile vigari vya silinda tatu vya cc 660, ambavyo injini yake inazunguka mno na plagi zake zinaisha mapema.

Angalieni neno nililotumia: iliyotengenezwa kudumu. Kuna iridiamu ambazo ncha ya katikati ndiyo pekee ya iridiamu, na ile ya pembeni ni nikeli tupu. Denso wenyewe, kati ya aina wanazouza, wana Iridium Power na Iridium Tough. Ya kwanza inatoa cheche nzuri lakini haikuundwa ili idumu, na muda wake haupishani sana na wa plagi ya kawaida. Ya pili ina platinamu kwenye ncha ya pembeni na ndiyo ya safari ndefu. Mteja anayeuziwa ya kwanza kwa ahadi ya kilomita 100,000 ameahidiwa kitu ambacho hata kiwanda hakikuahidi.

Tupige hesabu. Dereva wa teksi ya mtandao anayetembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anamaliza kilomita 3,900 kila mwezi. Plagi za nikeli atabadilisha kila miezi mitano. Iridiamu za kudumu zitamvusha miaka miwili na zaidi. Kwa mtu huyo iridiamu inaweza kuwa nafuu hata kama bei yake dukani ni mara tatu, na fundi anayemshauri hivyo amemsaidia. Lakini mama anayetoka Kimara kwenda kazini na kurudi, kilomita 30 kwa siku, anafikisha kilomita 10,000 hivi kwa mwaka. Nikeli zinamtosha karibu miaka miwili. Huyo akija kumwaga oili kila kilomita 5,000 na kila safari akaambiwa plagi zimekwisha, anatozwa plagi mara nne mahali pa mara moja. Nimeona bili za namna hiyo, na walioletewa bili hizo walilipa kimya kwa sababu taa ya injini inawatisha.

Mwaka jana shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alinionyesha karatasi aliyopewa na gereji moja ya huku kwetu. Ilikuwa na mstari mmoja: servisi kamili pamoja na plagi nne za iridiamu, na jumla chini yake. Gari lake ni IST, na lilikuwa linatembea vizuri kabisa. Nikatoa kava la plastiki, nikafungua boliti ya 10 inayoshika koili ya kwanza, nikavuta koili, nikashusha soketi ya plagi. Ilitoka plagi mpya, safi, ncha nene ya nikeli, na maandishi yanasomeka bila shida: K16R-U11. Nyingine tatu zilikuwa hivyo hivyo. Kwa injini ile hazikuwa na kosa lolote, na ndiyo maana asingejua kamwe. Alikuwa na plagi nzuri za nikeli zilizolipiwa bei ya iridiamu kutoka kwenye pensheni. Tulipouliza, tuliambiwa iridiamu zilikuwa zimeisha dukani, wakamwekea hizo, nazo ni nzuri. Za zamani zilishatupwa, kwa hiyo hata kama zile zilikuwa bado zina maisha hakuna wa kujua.

Hapo risiti yenye namba ingemaliza kila kitu. Ama ingeandikwa K16R-U11 na bei yake halali, ama fundi angelazimika kuandika uongo unaoweza kuhakikiwa na mtu yeyote mwenye soketi.

Ila sitaki kuandika kana kwamba ninyi peke yenu ndio wenye makosa. Wateja wenzangu hawatapenda nikisema, lakini bei hizi tumezijenga pamoja. Mtu anakuja na gari la mamilioni linalomisi. Fundi anainama juu ya injini asubuhi nzima, anapima, anakuta soketi ya koili imelegea. Anaibana, gari linatulia. Akitaja bei ya ufundi, mteja anaruka: kubana waya tu? Fundi huyo huyo angesema koili imekufa na plagi zimekufa, mteja angetoa pesa bila kelele, kwa sababu kuna kitu kipya cha kuonyeshwa. Tumewazoesha kwamba ujuzi wenu hatuulipii, tunalipia vipuri. Nanyi mkaweka ujira wenu ndani ya kipuri. Kwenye cha juu mnachoongeza kwenye bei ya kipuri mnatoa mshahara wa fundi, chakula cha vijana wanaojifunza na kodi ya uwanja.

Naielewa hesabu hiyo na bado nasema inatuumiza sote. Fundi anayekula kupitia kipuri hana sababu ya kumwambia mteja kwamba kipuri chake bado kizima. Kila anapokuwa mkweli anakosa hela ya siku. Na fundi hodari, anayepata ugonjwa wa gari kwa saa moja bila kubadilisha kitu, anapata kidogo kuliko mbahatishaji aliyefunga vipuri vinne visivyohitajika. Mnawaona vijana wenu wakijifunza hilo kabla hawajajifunza kusoma plagi.

Kwa hiyo tutozeni ufundi, na mtutoze bila aibu. Andikeni: kupima, kiasi fulani, kufungua na kufunga plagi, kiasi fulani. Na bei hizo zisifanane kwa magari yote, kwa sababu kazi haifanani. Plagi nne za 1NZ ziko juu, zinafikika, fundi anayejua hamalizi saa. Harrier ya V6 ina plagi tatu nyuma kabisa, upande wa ukuta wa kabini, chini ya manifoldi ya hewa. Mara nyingi lazima manifoldi itoke ndipo mkono ufike. Subaru plagi zake zimelala ubavuni, zinabanwa na chesisi. Mwenye magari hayo akilalamika kwamba jirani yake wa Vitz alilipa nusu, mwonyesheni injini. Ataelewa akiona.

Nitalipia pia ustadi wa kufunga, ambao kwa kuutazama haraka hauonekani. Injini ipoe kwanza. Vumbi lipulizwe kwenye kisima cha plagi kabla ya kufungua, lisidondokee kwenye silinda. Plagi iingizwe kwa mkono mpaka iguse, ndipo spana iongeze nusu mzunguko au zaidi kidogo kama ni mpya yenye washa. Iliyokwisha kutumika haitaki zaidi ya kuguswa tu, sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko. Silinda hedi ni aluminiamu, na uzi wake ukivuliwa kwa nguvu za ujana, gharama yake inapita plagi kwa mbali. Na tafadhali, iridiamu msiipige msasa wala brashi ya waya. Ile ncha nyembamba inavunjika au inaharibika, na mteja anarudi wiki ijayo gari likitetemeka.

Kuhusu kumisi kwenyewe. Mashine ya kupimia ikionyesha kodi ya P0301, inasema silinda ya kwanza haiwaki vizuri; P0302 ni ya pili, na kuendelea hivyo. Haisemi plagi imekufa. Haisemi koili imekufa. Hata hivyo ni kawaida mteja kutozwa pesa ya mashine, halafu akabadilishiwa koili zote nne kwa kubahatisha. Hamisheni koili ya silinda ya kwanza muipeleke ya pili, futeni kodi hiyo kwenye mashine, washeni gari, pimeni tena. Ikija P0302, koili ndiyo mgonjwa, na ni moja tu. Ikibaki P0301, hamisheni plagi kwa namna hiyo hiyo. Haya wengi wenu mnayajua vizuri kuliko mimi. Nayasema kwa sababu mteja hajui kwamba kipimo hicho kipo na hakihitaji kununua chochote.

Na hapa ndipo plagi ya zamani inapokuwa na thamani kubwa kuliko ninyi na sisi tunavyoipa. Ikitoka na rangi ya kahawia iliyopauka au kijivu, injini inaunguza vizuri. Ikitoka na masizi makavu meusi, mafuta yamezidi hewa, na pengine filta ya hewa imeziba au sensa inadanganya. Ikitoka imelowa oili kwenye ncha, kuna ringi za pistoni au sili za valvu zilizochoka. Ikitoka nyeupe yenye malengelenge, joto limezidi mahali. Oili ikikutwa juu, kwenye kisima ambamo koili inakaa, mwangalie gasketi ya tapeti kava, maana mkibadilisha plagi tu tatizo litarudi na mteja atalipa tena. Zikitoka tatu za kahawia na moja nyeusi, ile moja imekwisha kuwaonyesha silinda ya kufuatilia. Mteja aliyekabidhiwa plagi hizo, zikiwa zimepangwa kwa namba za silinda, ameshika habari ya injini yake. Gereji ya pili akienda nazo, haianzi kubahatisha upya. Zikitupwa kwenye ndoo pamoja na filta chafu, habari hiyo imepotea.

Kuzirudisha kunaziba pia mlango mwingine. Plagi zilizotumika zinasafishwa, zinang'arishwa na kurudi sokoni kama mpya. Mteja akiondoka nazo haziwezi kurudi.

Za feki ni suala zito zaidi, na hapa ninyi wenyewe mnaumizwa. Mnaponunua boksi linalofanana na la Denso au NGK na plagi ikafa baada ya wiki chache, lawama inawaangukia ninyi. Kagueni kabla ya kulipa. Maandishi kwenye kauri yasifutike kwa kidole kilicholowa. Washa ya plagi halisi haichomoki ovyo. Ncha mbili zinatazamana katikati, na nafasi ya plagi zote nne inalingana. Iridiamu inayouzwa bei ya nikeli, iacheni dukani. Na duka lisilotaka kutoa risiti yenye namba ya plagi linawaambia mapema kwamba halitawajua mkirudi.

Kwa mamlaka nitasema machache. Mashine za EFD tunazo tangu 2010, lakini risiti nyingi za gereji zinasema "vipuri na ufundi" na jumla, basi. Risiti hiyo inaitosha TRA na haimsaidii mteja hata kidogo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani pamoja na TBS wanajitahidi dhidi ya bidhaa bandia. Lakini mteja atalalamika kwa ushahidi gani kama karatasi yake haitaji kipuri alichouziwa? VETA nao, wanapotambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, wangeweza kupima kusoma plagi na kuandika risiti kwa uzito ule ule wanaopima kufungua injini.

Najua wapo miongoni mwenu wanaofanya haya yote tayari, tena bila kuambiwa. Nimeona gereji ambako plagi za zamani zinarudishwa ndani ya maboksi ya zile mpya, kila moja imeandikwa namba ya silinda kwa kalamu. Mafundi hao wanashindana na watu wanaotaja bei ndogo ya ufundi na kuifidia kwenye plagi, na kwa risiti za sasa mteja hana njia ya kuwatofautisha. Barua hii ni kwa faida yao kwanza.

Kwa upande wangu, nikileta gari nitauliza kabla boneti haijafunguliwa: mnafunga plagi namba ngapi, bei yake ngapi, ufundi wenu ngapi. Nikijibiwa kwa maandishi, ufundi nitaulipa kama ulivyotajwa, bila kuomba punguzo. Kama mtapima na kukuta hakuna cha kubadilisha, nitalipia kupima kwa moyo mmoja na nitawaleta ndugu na majirani. Shangazi ameshasema IST yake itakuwa ya kwanza.

Wenu,
Mteja,
Tabata, Dar es Salaam

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC); Shirika la Viwango Tanzania (TBS); Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA)